Kutibu maji ya kunywa kwa klorini: kipimo, kungoja, na kile kinachobaki ndooni

Shangazi yangu wa Pangani alikuwa haachi kutia dawa kwenye maji. Kila asubuhi kabla ya chai, kifuniko kimoja cha dawa mtungini, kisha anakoroga kwa kata. Hata hivyo masika moja wajukuu wake watatu waliharisha karibu wiki nzima, naye akaanza kulalamika kwamba dawa za siku hizi ni maji matupu. Nilipokwenda kumjulia hali nilikaa jikoni kwake nikaangalia anavyofanya. Dawa yake ilikuwa nzima kabisa. Lakini maji yalikuwa ya mto, yana rangi ya chai ya maziwa. Mtungi ulikuwa wa udongo. Kata ilining'inia msumarini, na kila mtoto aliyetoka kucheza aliichukua akaizamisha pamoja na vidole vyake. Na maji yalianza kunywewa palepale, kabla hata povu la kukoroga halijatulia.

Nataka ulishike jambo moja kabla hatujafika kwenye vipimo: klorini huisha. Haikai kwenye maji kama chumvi inavyokaa kwenye mchuzi. Ni kama mshahara wa mtu mwenye madeni, wadai wanaukamata njiani. Tope linadai, majani yaliyooza yanadai, kuta za mtungi zinadai, vidole vya mtoto vinadai, na vijidudu navyo vinadai. Ukitia kidogo kwenye maji machafu, tope linakula zote na bakteria wanabaki wazima. Kwa hiyo swali la kujiuliza si umetia kiasi gani tu. Jiulize pia imebaki kiasi gani baada ya nusu saa.

Inavyoua

Dawa ya maji ya chupa, jiki, vidonge na ule unga ambao wachimba visima wanauita HTH, vyote vikiingia majini hutoa kitu kilekile: asidi ya haipoklorasi. Molekuli yake ni ndogo na haina chaji ya umeme, hivyo inapenya ngozi ya bakteria bila kusukumwa nje. Ikishaingia inanyang'anya elektroni kila inachokigusa: protini zinapoteza umbo, vimeng'enya vinaacha kufanya kazi, ngozi yenyewe inatoboka. Bakteria hawezi tena kutengeneza nguvu wala kugawanyika. Virusi hawana chakula wala pumzi ya kukatwa, ila wana ganda la protini na ndani yake maelekezo ya kujizalisha, na klorini inaharibu vyote viwili.

Chembe nyeupe za damu yako zinatengeneza asidi hiyohiyo. Zikimmeza bakteria, zinammwagia asidi ya haipoklorasi humohumo ndani. Nilipojifunza hilo niliacha kuiona klorini kama sumu ya kigeni. Ni silaha ambayo mwili unaijua, tatizo ni kiasi na mahali.

Maji yakiwa na magadi mengi, nguvu inapungua. Kwenye pH, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, ya 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika umbo lile linalopenya. Kwenye pH ya 8.5 ni kama sehemu moja tu ya kumi. Iliyobaki ina chaji hasi, na ngozi ya bakteria, ambayo nayo ni hasi, inaisukuma. Wanaotumia maji ya visima vya Bonde la Ufa yenye magadi wangoje saa nzima badala ya nusu.

Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu kwa bakteria na virusi wengi wa tumbo huondoka kwa kipimo cha nyumbani. Giadia, kimelea wa tumbo, ni mgumu zaidi, anahitaji muda mrefu. Kriptosporidia, kimelea mwingine wa tumbo, hajali kabisa: ana ganda ambalo klorini ya kunywa hailipasui. Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, kimelea huyo alipita kwenye mtambo wa maji wa jiji na watu wanaokadiriwa kuwa 400,000 wakaugua, ingawa maji yalikuwa yametiwa klorini. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu au mtoto mchanga, chemsha maji yake.

Na tusiidai klorini kazi isiyo yake. Haiondoi floraidi inayotia meno ya watu wa Arusha rangi ya kahawia. Haiondoi chumvi ya visima vya pwani, wala dawa za mashambani, wala mafuta ya gari.

Hatua ya kwanza: maji yawe meupe

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka, nami ningeomba usiiruke hata kama una haraka. Chota maji, yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, kisha mimina yale ya juu polepole bila kuchafua tope la chini. Yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Kanga iliyochakaa ni nzuri kuliko mpya kwa sababu nyuzi zake zimevimba na matundu yamebana. Huko Bangladesh kinamama walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kipindupindu kilipungua karibu nusu katika vijiji hivyo, kwa kitambaa peke yake. Sababu ni kwamba bakteria wa kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye vidudu vidogo vya majini, navyo hunaswa kwenye kitambaa. Baada ya kuchuja, geuza kitambaa, kifue, kianike juani.

Maji ya mto yasiyotaka kutulia, tumia shabu: zungusha kipande majini kwa muda mfupi, kitoe, acha maji yatulie saa moja au mbili. Utaona tope linajikusanya kama maziwa yaliyokatika na kushuka chini. Wenye mlonge uani wanaweza kutwanga mbegu kavu zilizomenywa na kutumia unga wake kwa kazi hiyohiyo.

Kipimo changu ni hiki: tia maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, weka nyuma yake gazeti. Ukisoma herufi bila taabu, endelea. Usiposoma, rudia kuchuja.

Hatua ya pili: ujue ulicho nacho mkononi

Dawa ya maji ya chupa ndogo na vidonge vimeshapimwa kiwandani, fuata maandishi yake. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji meupe. Usikigawe nusu ukidhani unaokoa fedha.

Jiki inahitaji uangalifu. Iwe ile ya kawaida, isiyo na manukato ya limau au maua, isiyo na sabuni, isiyofanywa nzito. Geuza chupa usome asilimia ya sodiamu haipokloraiti. Nyingi za huku kwetu ni karibu 3.5, lakini nimekuta za juu na za chini ya hapo. Soma na tarehe pia. Joto na mwanga vinaimaliza hata kama kifuniko hakijafunguliwa, na chupa iliyokaa mwaka mzima kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji barabarani, isiyo na lebo, fulia nguo tu.

Hatua ya tatu: pima

Maji meupe yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Maji ambayo umeyachuja na bado yana ukungu, miligramu 4. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha lita kwa miligramu unazotaka, kisha gawanya kwa asilimia ya chupa iliyozidishwa kwa kumi. Unapata mililita.

Tuseme una dumu la lita 20 la maji meupe na jiki ya asilimia 3.5. Ishirini mara mbili ni 40. Tatu na nusu mara kumi ni 35. Arobaini gawanya kwa 35 ni mililita 1.1. Hiyo ni mililita moja na kidogo tu, haijazi hata kijiko cha chai! Kwa maji yenye ukungu ni 2.3. Nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, tupa sindano yenyewe, bomba liandike JIKI kwa kalamu isiyofutika na liweke mbali na dawa za watoto. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakofanya maji yanuke kama bwawa la kuogelea leo na kesho yasiwe na kitu.

Kwa simtanki la lita 1,000 hesabu ileile inakupa mililita 57 za jiki kwa maji meupe. Ukiwa na HTH ya asilimia 65, usitupe unga moja kwa moja tangini. Yeyusha gramu 15 kwenye lita moja ya maji ndani ya chombo cha plastiki, acha chokaa izame, tumia maji ya juu. Hayo yana nguvu ya asilimia 1: mililita 4 zinatosha dumu la lita 20, mililita 200 zinatosha lita 1,000. Na siku zote unga ndio unaoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya unga, unaweza kuchemka na kukurukia usoni.

Hatua ya nne: koroga, funika, ngoja

Koroga kwa kijiko safi kirefu, au kama ni dumu, funga na ulitikise ulilaze upande huu na huu ili maji yaguse mpaka shingoni na mfunikoni. Kisha weka kivulini, maana jua linaila klorini upesi. Angalia saa. Dakika 30, na kama maji yana ukungu, yana magadi au ni ya baridi ya milimani, saa nzima. Klorini inaua kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja, wingi na muda. Ukikata muda umekata dawa.

Hatua ya tano: nusa, na ukiweza, pima

Fungua na unuse. Harufu hafifu ya klorini ikiwepo, kuna kilichobaki. Isipokuwepo kabisa, wadai wamekula yote: rudia kipimo kilekile mara moja, ngoja nusu saa nyingine. Ikikosekana tena, maji hayo ni machafu kuliko unavyodhani, rudi hatua ya kwanza.

Pua ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Bakteria hakuwajua. Alichagua klorini kwa sababu iliondoa harufu ya maiti mikononi mwa watu waliotoka chumba cha kupasulia. Vifo vya wazazi katika wodi yake vilishuka kutoka 18 kwa kila mia mwezi Aprili hadi chini ya 3 kwa mia mwezi Juni.

Lakini pua huzoea, na mwenye mafua hana pua. Kwa shule, zahanati au kioski cha maji, nunueni kifaa cha kupimia cha vidonge vya DPD: unaponda kidonge kwenye maji kidogo, yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na rangi za kwenye kifaa. Baada ya nusu saa mnatafuta angalau miligramu 0.5 kwa lita, na isizidi 2. Baada ya siku nzima, isipungue 0.2. Kuna mtego mmoja: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi, inaifuta rangi ya waridi na kifaa kinaonyesha kama hakuna kitu. Maji yakinuka sana huku kifaa kikisema sifuri, amini pua, yazimue na upime upya.

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita kwa maji ya kunywa maisha yote, kwa hiyo kinachobaki majini baada ya nusu saa kiko mbali na ukomo huo. Kiasi kidogo unachokunywa hukutana na mate na chakula na kuishia njiani. Wengine wanaogopa mabaki ya klorini na majani yaliyooza, yanayoitwa trihalomethani, ambayo yakiwa mengi kwa miaka mingi yanatiliwa shaka kuhusu saratani. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kuchuja kwanza, maana bila uchafu wa majani hayatengenezwi kwa wingi. Kuacha klorini kwa ajili hiyo ni kukimbia umande na kuingia mtoni: kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache.

Hatua ya sita: linda kilichobaki

Miligramu hiyo iliyobaki ndiyo mlinzi wa maji mpaka kesho. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi; mkono mmoja mchafu unatosha kuyaharibu, nayo yamekuwa hatari tena. Ndoo yenye kifuniko na koki chini ndiyo bora. Dumu lenye mdomo mwembamba ni la pili. Kata ya kuzamisha ni adui, hata ikiwa imeoshwa.

Mtungi wa udongo unaipenda klorini kuliko sisi, kuta zake zinaifyonza. Sikumwambia shangazi autupe, maji yake ni baridi na yana ladha ambayo hakuna ndoo inayoitoa. Tulikubaliana atibu kwenye ndoo ya plastiki, angoje, kisha amimine mtungini maji ya kunywewa siku hiyo tu, na yachotwe kwa kuinamisha mtungi kwenye jagi. Jioni mtungi unamalizwa na kuoshwa.

Ukiwa na kisima

Kisima kilichoingiwa na mafuriko hutibiwa kwa dozi kubwa mara moja. Pima upana na kina cha maji kwa kamba yenye jiwe. Kisima cha mviringo chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina lita 2,350 hivi. Tia miligramu 50 kwa lita, ambazo ni gramu 118 za klorini tupu, sawa na gramu 180 za HTH ya asilimia 65. Yeyusha kwenye ndoo kadhaa, mimina ukizungushia kuta, chota ukarudishe mara kadhaa ili yachanganyike. Kisha funga kisima kwa saa 12 na uweke mtu au kibao, pasiwe na atakayechota. Baadaye vuta maji na kuyamwaga mpaka harufu kali iondoke, mbali na bwawa la samaki na bustani. Asiingie mtu kisimani baada ya dawa kutiwa, kwa sababu yoyote ile. Na dozi hii haidumu: kama choo kiko karibu na kisima, uchafu utarudi, na maji ya kila siku yataendelea kutibiwa ndooni.

Usichanganye

Jiki haikutani na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala ndimu. Inatoa gesi ya klorini papo hapo. Ni gesi ileile iliyotumiwa vitani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Inawasha macho, inabana kifua, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu ameshadhani amepona. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, dakika moja inatosha kumwangusha mtu aliyepiga magoti anasugua, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu na inajaa kuanzia sakafuni. Ikitokea, toka nje, panda mahali palipoinuka, mtoe kwanza mtoto anayetambaa, na aliyevuta gesi apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Mkojo mwingi na jiki navyo hutoa gesi mbaya, kwa hiyo nguo za mtoto zisuuze kwanza kwa maji matupu.

Jiki ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Aliyeimeza asitapishwe, anasukutua mdomo na kukimbizwa hospitali. Unga wa HTH usikae chumba kimoja na mafuta ya taa, petroli au mafuta ya kupikia, unaweza kuwasha moto wenyewe.

Wengine wanaokunywa maji hayo

Klorini haichagui rafiki. Samaki huiingiza moja kwa moja kwenye matamvua, nayo yanaungua. Kiasi ambacho wewe unakunywa bila kukijali kinawaua. Maji ya bomba ya kujazia tangi la samaki wa mapambo yaachwe wazi kwa siku nzima kwanza. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine nao hawawezi kuvumilia, kwa kuwa maji ya mashine hupitana na damu bila kupita tumboni, na chembe nyekundu hupasuka. Ndiyo maana vituo hivyo huchuja maji yao kwa mkaa maalumu. Shimo la choo linalotegemea bakteria kumeng'enya uchafu, ukilimwagia jiki kila siku litajaa mapema.

Wafugaji wa kuku wanaochanja kideri kwa maji ya kunywa wanapata hasara kimyakimya hapa. Chanjo hiyo ina virusi hai waliodhoofishwa, na maji ya bomba yenye klorini yanawaua kabla kuku hajainamisha kichwa. Mtu anachanja kwa uaminifu, na miezi miwili baadaye banda zima linakwisha. Siku ya chanjo usitumie ndoo iliyosuuzwa kwa jiki. Teka maji ya bomba jioni, yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, na asubuhi yanuse kwanza ndipo uyeyushe chanjo.